Marehemu Akishazikwa, Ufunguo Hubaki kwa Nani?

Katika kota za askari kuna siku moja ambayo kila mke anaijua, ingawa hakuna apendaye kuitaja wakati wa kupika au wa kuanika nguo. Ni ile siku inayofuata baada ya matanga kumalizika. Turubai limekwisha kukunjwa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, jamaa wa mbali wamepanda basi. Na hapo ndipo hufika karani akiwa na barua yenye mhuri. Aghalabu barua hiyo huwa ya adabu. Hutoa pole, humtaja marehemu kwa cheo chake na namba yake, kisha hueleza tarehe ambayo nyumba itahitajika kwa mtumishi mwingine. Karani hana kosa, na aliyemtuma hana kosa. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi imekwisha. Lakini watoto wanaouliza kitanda kitapelekwa wapi hawaijui tofauti iliyopo baina ya nyumba ya kazi na nyumba ya mtu. Wao wanajua tu kwamba nyuma ya mlango pana alama za kalamu zinazoonyesha jinsi walivyorefuka mwaka hata mwaka.

Swali hili la nani abaki ndani baada ya mwenye jina kuondoka halikuzaliwa katika kota peke yake. Upo mji mmoja mkubwa ulimwenguni ambako limebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, likapandishwa hadi kwa majaji wa juu kabisa, na hatimaye likaandikiwa kanuni zinazohesabu miaka ya kukaa, zinazotaja jamaa mmoja mmoja, na ambazo hazikumsahau hata askari aliyeko vitani. Mji huo ni New York, nchini Marekani. Yafaa habari zake zisomwe na watu wanaoishi katika nyumba zisizo zao, maana huko nako watu wengi huishi katika nyumba zisizo zao.

Chanzo chake ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya silaha viliwavuta watu mijini, mbao na chuma vikaenda jeshini, na nyumba mpya zikawa hazijengwi. Mwenye nyumba aliyekuwa na chumba kimoja alikuwa na watu kumi wa kukigombea. Serikali ya Marekani ikaona kwamba kodi zikiachwa zipande zitakavyo, mshahara wa mfanyakazi utaishia mlangoni mwa mwenye nyumba, na mke wa askari aliyepelekwa ng'ambo atajikuta nje. Basi kuanzia tarehe 1 Novemba 1943 kodi za nyumba katika mji wa New York zilifungwa katika kiwango cha Machi mwaka huo. Vita vilikwisha, askari wakarudi, na nyumba hazikutosha vilevile. Mwaka 1950 jimbo la New York likaichukua kazi hiyo kutoka kwa serikali kuu, na udhibiti huo haujafutwa hadi leo.

Ila umepungua sana. Fleti zinazobaki chini ya udhibiti huo wa zamani ni zile zilizomo katika majengo yaliyojengwa kabla ya Februari 1947, na ambamo mpangaji, au mrithi wake halali, ameishi mfululizo tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1971. Ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimesalia kama 22,000 tu. Kundi kubwa zaidi ni la fleti za utaratibu wa pili ulioanzishwa mwaka 1969, ambazo nyongeza ya kodi yake huamuliwa kila mwaka na bodi ya watu tisa wanaoteuliwa na meya. Hizo hukaribia milioni moja. Tofauti za taratibu hizi mbili ni kazi ya mawakili, nazo zinachosha. Kwa jambo linalozungumzwa hapa, yatosha kujua kwamba katika zote mbili mpangaji hatolewi kwa kuwa tu muda wa hati yake umekwisha au kwa kuwa mwenye nyumba amempata mtu wa kulipa zaidi. Akilipa kodi, akakaa kwa amani, na ikawa hapo ndipo makao yake hasa, anaweza kukaa mpaka kufa kwake.

Ugumu huanza hapo penye neno kufa.

Tumchukue bibi mmoja wa mfano, kwani wa namna yake wamekuwa wengi. Aliingia katika fleti ya ghorofa ya nne pamoja na mumewe, wakiwa bado vijana. Mume akafariki, watoto wakaoa na kuolewa na kuhamia miji mingine. Miguu ya bibi ilipoanza kumkataa, akaja mjukuu. Alikuja kwa wiki mbili za likizo, na wiki mbili zikawa miaka mitano. Alinunua mkate na dawa, alimwosha bibi, alilipa umeme, na kila mwezi alipeleka hundi ya kodi iliyotiwa saini na bibi, maana jina lililokuwa katika hati lilikuwa la bibi peke yake. Hakuna aliyefikiri kuongeza jina lingine. Nani hufikiri mambo hayo wakati supu iko jikoni?

Bibi akafa. Mjukuu alipopeleka hundi ya mwezi uliofuata ikiwa na saini yake mwenyewe, ilirudishwa. Badala yake ikaja karatasi inayomwambia kwamba yeye alikuwa mgeni wa marehemu, kwamba ruhusa ya mgeni hufa pamoja na aliyemkaribisha, na kwamba amepewa siku kumi awe ameondoka.

Mtu asiyejua sheria hufungasha virago usiku uleule, na wako waliofanya hivyo. Lakini katika mji huo karatasi ya mwenye nyumba haiwezi kumtoa mtu. Aliyeishi ndani ya nyumba siku thelathini au zaidi hawezi kubadilishiwa kufuli, kukatiwa maji wala kutupiwa vyombo vyake barabarani bila amri ya mahakama. Anayefanya hivyo ametenda kosa la jinai, hata kama jengo ni mali yake tangu msingi hadi paa. Zikipita siku kumi, mwenye nyumba sharti aende katika mahakama ya nyumba. Huko, anayeitwa mgeni hupata nafasi ya kusema kwamba yeye si mgeni, bali ni mrithi wa upangaji.

Neno mrithi lisimdanganye msomaji. Huu si urithi wa kawaida. Mpangaji hawezi kuandika katika wasia wake kwamba fleti ya kodi nafuu apewe fulani, kama mtu anavyoandika juu ya ng'ombe au shamba. Mtoto wa kwanza aliyehamia mji mwingine na kufanikiwa hawezi kuja na cheti cha kuzaliwa na kudai ufunguo. Haki hii hutokana na kuishi ndani, na yule aliyeishi ndani huipata hata kama marehemu hakumkumbuka kwa neno moja katika wasia. Kwa maneno mengine, sheria inamtazama aliyelala katika nyumba, si aliyetajwa. Pengine hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika habari hizi, na halikupatikana kwa urahisi.

Kanuni za zamani zilikuwa zimesema hivi: mpangaji akifa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mwenzi wake wa ndoa, wala jamaa mwingine wa familia ya marehemu aliyekuwa akiishi naye. Hazikueleza familia ni nini. Kwa miaka mingi watu walidhani jambo hilo ni wazi kama jua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulieleza. Katika fleti za utaratibu ule wa pili hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba dada aliyebaki ndani baada ya mpangaji kuondoka hakuwa na haki ya kuandikiwa hati mpya. Dada wa tumbo moja!

Shauri lililogeuza mambo lilihusu wanaume wawili, Leslie Blanchard na Miguel Braschi, waliokuwa wakiishi pamoja kama wenzi katika fleti ya Manhattan tangu kiangazi cha mwaka 1975. Hati ya upangaji ilikuwa na jina la Blanchard peke yake. Septemba 1986 Blanchard alifariki dunia, na wenye jengo wakamtaka Braschi atoke, wakisema kwamba yeye hakuwa mume wala mke wala ndugu wa marehemu, basi hakuwa mtu wa familia yake. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo katika jimbo hilo ndiyo ya mwisho.

Huenda wasomaji wakatofautiana katika maoni yao juu ya maisha ya wawili hao. Majaji hawakuulizwa hilo. Waliulizwa swali la nyumba: mtu aliyeishi na mwenzake zaidi ya miaka kumi, wakila pamoja na kulipa pamoja, je, mwenzake akifa ni mgeni wa kuondolewa kama mtu wa hoteli? Tarehe 6 Julai 1989, majaji wanne dhidi ya wawili waliamua kwamba sivyo. Katika maoni aliyoyaandika Jaji Vito Titone ilielezwa kwamba kinga ya mtu dhidi ya kutolewa ghafla katika nyumba yake haifai kutegemea cheti wala nasaba peke yake, bali itegemee jinsi familia inavyoishi hasa. Wakataja mambo ya kuangaliwa: watu hao wameishi pamoja muda gani, wameshikamana kiasi gani kwa moyo na kwa fedha, wamejionyesha vipi mbele ya watu, na wametegemeana vipi katika mahitaji ya kila siku.

Mwenye kusoma ushahidi wa shauri hilo huona vitu vidogo vidogo ambavyo katika kila nyumba hutupwa mezani bila kuangaliwa. Akaunti za benki zilikuwa za pamoja. Leseni ya Braschi ya kuendeshea gari, na pasi yake ya kusafiria, zilikuwa na anwani ya fleti hiyo. Barua zake zote zilifika hapo. Bima ya maisha ya marehemu ilimtaja yeye. Tena walikuwapo mabawabu wa mlangoni na msimamizi wa jengo, ambao walimjua kuwa ni mkazi wa pale na waliwaona wawili hao kuwa ni wenzi. Bawabu hana cheo cha kutia saini hati yoyote, lakini ndiye anayejua nani hurudi nyumbani jioni na nani hupita tu.

Baada ya hukumu hiyo ofisi ya jimbo inayosimamia nyumba iliandika kanuni mpya zilizohusu fleti za aina zote mbili. Chama cha wenye nyumba kilizipinga mahakamani, na mwaka 1993 mahakama ileile ikazithibitisha. Kwa kanuni hizo, jamaa aliyeishi pamoja na mpangaji kwa miaka miwili mfululizo kabla ya mpangaji kufa au kuhama kabisa anayo haki ya kubaki kwa kodi ileile iliyodhibitiwa. Kama jamaa huyo ana umri wa miaka 62 au zaidi, au ana ulemavu, mwaka mmoja unatosha. Tena anayeoa leo na kufiwa baada ya miezi sita hapotezi haki kwa ajili ya ufupi wa ndoa, maadamu wawili hao waliishi pamoja pale tangu uhusiano wao ulipoanza. Na kuhusu wale wasio na cheti cha ndoa wala damu moja, kanuni zinataka uthibitisho wa kushikamana na kutegemeana, lakini zinakataza katakata kuuliza au kupokea habari za chumbani. Hapo waandishi wa kanuni walionyesha busara. Mashauri ya nyumba yana aibu za kutosha bila ya kuongezewa hiyo.

Sasa lipo jambo ambalo msomaji wa Afrika atalisoma mara mbili. Orodha ya jamaa waliotambuliwa moja kwa moja ilikuwa na mume, mke, watoto, watoto wa kambo, wazazi, ndugu, mababu na mabibi, wajukuu, na baadhi ya wakwe. Walikuwamo pia wajomba, mashangazi na wapwa. Mwaka 1997 bunge la jimbo lilipobadilisha sheria za kodi, hao wa mwisho walitolewa. Kwa desturi za huko, ambako mjomba na baba mdogo huitwa kwa neno moja, na shangazi na mama mkubwa vilevile, kuwatoa hao ni kuwatoa watu ambao katika nyumba nyingi za kwetu ndio waliolipa karo na ndio waliomtahiri mtoto. Mtoto aliyelelewa na mama mkubwa tangu anyonye, akamwita mama siku zote, alikutwa ghafla nje ya orodha.

Lakini hakukutwa nje ya nyumba. Maana ule mlango uliofunguliwa mwaka 1989 ulikuwa bado wazi. Mpwa akiweza kuonyesha kwamba yeye na mjomba wake waliishi kama familia kwa moyo na kwa fedha, huingia kupitia mlango wa wale wasio na damu moja. Ndivyo ilivyokuwa kwamba watu wa damu walikuja kuokolewa na shauri la watu wasio wa damu. Waliodhani kwamba hukumu ile ni ya watu wachache wa Manhattan hawakuona mbali.

Kwa jamaa za askari, kifungu chenye thamani kuliko vingine ni kifupi, na wengi hukipita bila kukisoma. Miaka miwili ya kukaa haihesabiwi kuwa imekatika kwa sababu jamaa huyo alikuwa ameondoka kwa muda katika utumishi wa kijeshi. Kijana aliyeishi na mama yake mwaka mmoja, akaitwa jeshini na kupelekwa mbali, akarudi likizo na kukuta mama yu taabani, haambiwi kwamba aliihama nyumba. Vivyo hivyo mwanafunzi wa masomo ya muda wote, mgonjwa aliyelazwa hospitalini, na aliyehamishwa kwa muda na mwajiri wake. Waliotunga kanuni waliona kwamba kutokuwapo kuko kwa aina mbili. Kuna kutokuwapo kwa mtu aliyehama, na kuna kutokuwapo kwa mtu aliyetumwa. Kitanda cha wa kwanza hutolewa nje. Cha wa pili hutandikwa na kungojewa.

Hata hivyo jaji haoni kitanda. Jaji huona makaratasi. Askari ambaye kwa urahisi wake aliandikisha anwani ya mchumba wake katika benki, katika leseni na katika fomu za kodi ya mapato, atapata kazi kubwa ya kueleza kwamba nyumba yake hasa ilikuwa kwa mama. Wenye nyumba wanayo haki ya kuuliza, nao huuliza kwa bidii, kwani wamewahi kuona ujanja pia. Wapo wapwa waliokuja na sanduku moja wiki ya mwisho ya ugonjwa, wakadai kwamba wameishi hapo miaka mitatu. Wapo wazazi waliohamia miji yenye joto, wakaendelea kutia saini hati za fleti kutoka huko ili mtoto abaki kwa kodi nafuu, na mahakama zikavutana juu ya swali la lini hasa mzazi huyo alihama. Mwenye jengo hulipa ushuru wa mji, hununua mafuta ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, hutengeneza paa. Si haki kumchora daima kama fisi. Ila ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi sheria yenyewe ilimtia tamaa. Kila fleti ya utaratibu wa pili ilipobaki tupu, aliweza kuongeza kodi hadi asilimia 20, na kodi ikifika kiwango fulani, fleti ikatoka kabisa katika udhibiti. Mazishi ya mpangaji yakawa faida. Mwaka 2019 bunge la jimbo liliziondoa nyongeza hiyo na njia hiyo ya kutoka, na tangu hapo kumtoa mjukuu kumekuwa na faida ndogo zaidi kuliko zamani.

Katika mwaka 2017 mji wa New York ulikuwa wa kwanza nchini Marekani kupitisha sheria ya kuwapatia wapangaji wenye kipato kidogo mawakili wa bure katika mashauri ya kutolewa nyumbani. Kabla ya hapo kawaida mwenye nyumba aliingia mahakamani na wakili, na mpangaji aliingia na bahasha ya risiti. Mashauri mengi yalikwisha koridoni, dakika chache kabla ya jaji kuingia, mpangaji akitia saini karatasi aliyoisoma nusu. Mwenye haki ya kurithi upangaji anaweza kabisa kuisaini haki yake ikaondoka kwa namna hiyo, akidhani anaandikiwa muda wa kuhama. Hata pale mahakama inapotoa amri ya kutoka, dalali wa mahakama sharti atoe notisi ya siku kumi na nne kabla ya kuja mlangoni. Siku hizo zimemwokoa mtu zaidi ya mmoja aliyekimbia kwa wakili akiwa amechelewa, lakini si sana.

Ipo pia fomu moja. Mwenye nyumba anaweza kuipeleka kwa mpangaji mara moja katika miezi kumi na miwili, akiuliza majina ya watu wote wanaoishi ndani, na kama yumo mzee au mwenye ulemavu. Wapangaji wazee huiogopa fomu hiyo. Hudhani ni mtego, kwamba wakiandika jina la mjukuu kodi itapanda au watashtakiwa kwa kuweka watu bila idhini. Kwa hiyo huitia katika droo, chini ya risiti na picha za harusi. Kumbe maana yake ni kinyume. Aliyeandikwa katika fomu amejulishwa mapema. Asiyeandikwa hapotezi haki yake, ila mzigo wote wa kuithibitisha huwa juu ya kichwa chake. Kina mama wa kota, wanaojaza fomu za wategemezi kila zinapoletwa na karani, hawatahitaji kuelezwa zaidi juu ya hilo. Jina la mtoto lililosahauliwa mwezi wa pili hutafutwa kwa machozi mwezi wa tisa.

Yule mjukuu wa mfano aliikuta fomu katika droo. Ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Bibi alikuwa ameijaza kwa mkono uliotetemeka: jina la mjukuu, na mbele yake neno mjukuu, na mbele ya hilo tarehe ya siku aliyokuja. Kisha hakuipeleka. Bahasha yake ilikuwa pale pale, tupu, stempu imekwisha kubandikwa.

Wakili wa bure aliitazama akasema kwamba haitoshi, lakini si bure. Akamwandikia orodha ya vitu vya kutafuta: barua za benki za miaka miwili, karatasi za kodi ya mapato, risiti za dawa zenye anwani, ankara za umeme, barua ya daktari aliyezoea kumwona akimleta bibi. Mwisho wa orodha akaandika: watu wa jengo.

Mjukuu aliteremka hadi chini, kwenye chumba cha mtunzaji wa jengo, mzee aliyekuwa akitengeneza bomba. Akamweleza shida yake, akamwuliza kama anaweza kukumbuka ni tangu lini amekuwa akimwona pale. Mzee aliweka spana chini, akafuta mikono. Hakukumbuka mwaka. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama yeye siye yule aliyembeba bibi mgongoni hadi ghorofa ya nne, ile Januari ambayo lifti ilikaa wiki nzima imeharibika.